Goti Lisilolalamika

"Hakuna upasuaji, baba. Wanakurudisha nyumbani."

Hapo ndipo tulipomwacha fundi wetu wiki iliyopita, msomaji: chali kitandani, ugenini, amevalishwa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, tumbo tupu tangu jana, na maneno hayo ya mkalimani yakimzunguka kichwani kama nzi.

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungia samaki kabla halijasomwa, na wala siwalaumu, mambo ni haya. Fundi cherehani, mtu mzima mwenye mvi za kutosha, goti lake la kulia limekwisha. Bila goti hawezi kukanyaga cherehani, na bila goti hawezi kupiga magoti mbele ya Mungu wake. Kwao, hospitali ya umma ilimweka kwenye foleni ambayo zamu yake ingefika akiwa marehemu. Hospitali ya binafsi ilimtajia bei ambayo hata angeuza nyumba na yeye mwenyewe akiwa ndani isingetosha. Ndipo akasikia habari za nchi hii, ambako goti jipya, tiketi ya ndege, kitanda na mkalimani, vyote kwa pamoja, ni nafuu kuliko goti peke yake kule kwao. Ndugu wakachanga, majirani wakachanga, waumini wenzake wakachanga. Akapanda ndege na dada yake mkubwa.

Na leo, asubuhi ya kupasuliwa, anaambiwa arudi na goti lake lile lile.

"Wamesema kwa nini?" Sauti ya fundi ilitoka nyembamba kama uzi.

Mkalimani alikuwa binti mdogo aliyezaliwa huku huku ugenini, lugha yetu akajifunzia jikoni kwa mama yake. Alimtazama daktari mpasuaji, akamtazama fundi.

"Daktari anasema umepona."

"Nimepona?"

"Ndiyo, baba."

"Lini?"

Binti akauliza. Daktari, mrefu, mwembamba, miwani puani na uso usiojua utani, akajibu kwa kirefu.

"Anasema picha inaonyesha goti limeharibika. Lakini yeye hapasui picha, anapasua mtu. Na mtu mwenyewe tangu afike anasema hana shida. Hawezi kumtia chuma mguuni mtu ambaye haumwi. Anasema ni dhambi."

Neno dhambi lilimziba fundi mdomo. Daktari akamwekea mkono begani, akamwambia pole au hongera, fundi hakujua ni ipi kati ya hizo mbili, akatoka na wauguzi wake nyuma kama vifaranga. Mkalimani akabaki.

Fundi akabaki anatazama dari. Ni dari safi. Hospitali nzima ilikuwa safi, safi kiasi kwamba siku ya kwanza alivua viatu mlangoni na kutembea na soksi hadi mapokezi, mpaka mlinzi akamkimbilia navyo mkononi. Kitu kimoja tu hapa kilikuwa kinamkera, nacho ni hili gauni. Mshono wa begani umekwenda upogo, na mgongo umeachwa wazi kama duka lisilo na mlango. Angekuwa mwanafunzi wake ndiye kalishona, angelifumua mbele ya wateja.

"Ee Mungu," aliwaza, "watu wamenichangia goti, nami nitawarudishia malalamiko kuhusu gauni."

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Dada aliingia.

Dada ni mpishi wa shule ya bweni. Sauti yake imezoea kuita shule nzima kwenye chakula, na imani yake ni kwamba mgeni anaelewa lugha yoyote ile mradi apigiwe kelele ya kutosha. Ndiyo maana ukoo mzima ulimchagua yeye kuwa msindikizaji.

"Mbona bado yuko hapa? Si walisema asubuhi?"

"Hawanipasui, dada. Eti nimepona."

Dada alimtazama juu hadi chini. Alipofika kwenye goti, lililovimba kama boga, alisonya.

"Kwa hiyo hupasuliwi?"

"Sipasuliwi."

"Basi kula."

Mtu aliyepika maisha yake yote hawezi kumwona mwenye njaa akavumilia. Kabla fundi hajasema neno, mfuko ulishafunguliwa, mayai ya kuchemsha yalishamenywa, na mkate umekatwa kwa mkono. Fundi alikula. Alikula huku machozi yanamlengalenga, na kusema kweli, Mungu amsamehe, yale mayai yalikuwa matamu. Alishangaa mwenyewe jinsi huzuni isivyozuia kumeza.

"Sasa, mwanangu," Dada akamgeukia mkalimani, "nieleze taratibu. Huyu kapona vipi?"

"Mama, mimi sijui. Kila asubuhi daktari anaingia, anauliza goti linaendeleaje. Mimi namuuliza baba. Baba anasema, 'Nzuri tu.' Namwambia daktari: anasema nzuri tu."

"Eeh. Halafu?"

"Halafu nini?"

"Baada ya nzuri tu."

"Baada ya nzuri tu tunakwenda chumba kingine."

Dada alitafuta kiti, akakaa. Kiti kikalalamika.

"Hamngoji?"

"Tungoje nini, mama?"

"Ila!" Dada alipiga paja. "Mwanangu, mnaondokaje kabla ya ila?"

Binti hakuelewa ila gani.

Wewe nami, msomaji, hatuhitaji kuelezwa. Paa linaungua, jirani anauliza habari za nyumbani, tunajibu: nzuri. Kwanza nzuri, ndipo ije ila. Nzuri, ila paa linaungua. Hakuna aliyelelewa vizuri anayeanza na paa. Basi kila asubuhi fundi alisema nzuri tu, akavuta pumzi ya kuanzia ila yake, ila ndefu aliyoipanga tangu alfajiri, yenye usiku asiolala, ngazi asizopanda, na cherehani inayojaa vumbi. Akifungua mdomo, madaktari wameshafika chumba cha tatu.

"Na wewe!" Dada alimgeukia mdogo wake. "Kwa nini hukuwaita warudi?"

"Niwaite madaktari wazima? Kwa goti tu?"

"Goti tu! Tumevuka mawingu, mimi niliyekuwa naogopa hata lifti, kwa goti tu!"

"Nilidhani ndivyo wanavyofanya kazi hapa. Wana haraka. Nikasema nisiwasumbue."

"Umekuja kupasuliwa mguu, unaogopa kuwasumbua?"

Fundi alivuta shuka hadi kidevuni. Alijiona jinsi alivyo: mteja wa kwanza katika historia ya hospitali hii aliyesafiri kwa ndege kuja kuwahakikishia madaktari kwamba hajambo.

"Lakini mama," mkalimani alisema kwa woga, "na ile siku alipotembezwa ukumbini? Alitembea wima kabisa. Daktari alishangaa."

Safari hii Dada ndiye aliyeangalia sakafu.

"Hapo," fundi alisema polepole, "muulize dada aliniambia nini kabla sijatoka."

"Nilimwambia ajikaze kisabuni," Dada alikiri. "Nilimwambia asituaibishe mbele za watu. Sasa ningejuaje kwamba aibu ndiyo ilikuwa inatakiwa?"

Wote watatu wakatazamana. Kisha fundi akaanza kucheka. Kicheko kilianza tumboni, kikatikisa kitanda, kikafika gotini, na hapo kikageuka kuwa kilio.

Lakini mkalimani hakucheka. Alikuwa ameshika simu yake, haipigi wala haifungi.

"Mama yangu anaishi mji mwingine," alisema. "Nampigia kila wiki. Nikimuuliza hali, anasema, 'Mzima tu, mwanangu.' Namwambia haya, tutaongea." Akaitazama simu. "Huwa nakata hapo hapo."

Dada alimshika mkono. Sauti yake ya shule nzima ilishuka hadi ikawa ya mtu mmoja.

"Mpigie sasa hivi. Akisema mzima tu, usiseme kitu. Nyamaza. Hata ukihisi simu imekatika, wewe nyamaza."

Binti akatoka. Kupitia kioo cha mlango walimwona amesimama ukumbini, simu sikioni, midomo imefungwa. Alisimama hivyo kwa kitambo. Kisha wakaona bega lake linainama kidogo kidogo, kama nguo inayoteleza kwenye msumari.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Jicho lake moja halioni," alisema. "Tangu mwaka jana. Amenyamaza, nami nikanyamaza, halafu akaniambia." Akajifuta kwa kiganja. "Nakwenda kumleta daktari. Hata nikimburuta. Baba, akija mwambie ukweli. Kesho asubuhi anasafiri, hatarudi hadi mwezi ujao, na viza yenu haifiki huko. Ni leo au basi."

Akatoka mbio.

Sasa basi. Fundi alikuwa na dakika chache za kujifunza kazi mpya kabisa, kazi ya kulalamika, na mwalimu wake alikuwa Dada.

"Haya, lia."

"Niliaje?"

"Kama mtu anayeumwa."

"Naumwa kweli, dada."

"Basi lia kama mtu anayeumwa, acha kuumwa kama mtu anayesubiri salamu! Sema: uwii."

"Uwi."

"Hiyo ni uwi ya kujikwaa kidole. Vuta. Uwiiii!"

"Uwiiii."

"Sasa unaimba."

Na kweli, ilitoka kwa sauti ya pili ya kwaya. Alijaribu tena, akatoa mlio ambao Dada alisema ni wa mbuzi anayeomba radhi. Jasho jembamba lilimtoka. Miaka yote hiyo alidhani kunyamaza kwake ni uvumilivu. Sasa aligundua ni kutojua tu, kama mtu anayejisifu hanywi pombe kumbe hajawahi kukaribishwa.

Hatua zikasikika. Mlango ukafunguka. Daktari aliingia akiwa amekunja uso, mkalimani nyuma yake anahema.

"Daktari anasema ana wagonjwa wanamsubiri. Anakupa nafasi moja. Anauliza tena." Binti alimkazia fundi macho. "Goti linaendeleaje?"

Dada alishika kifua. Fundi alijiinua kitandani. Aliita nguvu zake zote, uwi zote alizofundishwa, majina yote ya waliomchangia. Akamtazama mtu yule mkubwa aliyeacha shughuli zake kwa ajili yake, aliyesimama pale kwa heshima akimjulia hali.

"Nzuri tu," fundi alisema.

"Mungu wangu!" Dada alipiga ukuta.

Daktari hakuhitaji mkalimani. Neno hilo alishalikariri. Aligeuka, akashika kitasa cha mlango.

Hapo moyo wa fundi ukalipuka. Alitaka kuuma ulimi wake mwenyewe. Kwisha! Goti limezikwa na adabu!

Lakini mkalimani hakugeuka. Aliweka mkono mlangoni, akauzuia. Hakusema neno kwa lugha yoyote. Alimtazama fundi, akangoja.

Daktari akamtazama binti. Akamtazama mzee. Akaachia kitasa.

Ukumbini kitoroli kilipita kikilia magurudumu. Fundi aliinamisha kichwa.

"Ila," alisema, "sijapiga magoti siku nyingi. Wenzangu wakipiga magoti kusali, mimi nabaki benchi la nyuma, najifanya nafunga kamba za viatu. Kuna siku nilikuwa nimevaa ndala."

Binti alitafsiri. Hakukata hata neno moja, hata ndala.

"Watu wanadhani goti langu limekwisha kwa kusali sana. Wananisifu. Mwongo mimi, nawaacha wanisifu. Limekwisha kwa cherehani. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu ninaokanyagia ni huu. Sasa nakanyagia wa kushoto, suruali za watu zinatoka mguu mmoja mrefu. Nina mteja mmoja amezoea kutembea upande upande, anadhani ndio mtindo."

Daktari alivua miwani. Akasema maneno machache.

"Anasema piga magoti."

"Hapa?"

"Hapa. Kama unavyosali."

Fundi aliteremka kitandani. Alishika gauni nyuma kwa mkono mmoja, maana aibu ina mpaka wake, akashika kitanda kwa mwingine. Alishusha goti la kushoto. Lilifika. Akashusha la kulia.

Liliposhika sakafu aliona nyota mchana kweupe.

"Linaumaaaa!"

Hiyo haikuwa uwi ya kufundishwa. Wauguzi walikuja mbio. Mgonjwa wa chumba cha pili akaanza kulia naye bila kujua analilia nini. Dada alilia. Fundi alikuwa amekwama sakafuni, hawezi kushuka wala kupanda, jasho linamdondoka puani, na katikati ya maumivu yale akajikuta anacheka moyoni: ee Mungu wangu, hatimaye nimepiga magoti, na nguo iko wazi nyuma.

"Ni kweli naumwa," alisema pale chini, sauti ikimkatika. "Naumwa sana. Naomba mnisaidie."

Watu wazima wawili walimwinua. Daktari mwenyewe alikuwa mmoja wao. Alilishika lile goti kwa mikono miwili, akalikunja kidogo, akasikiliza linavyosaga, na uso wake usiojua utani ukabadilika.

"Anasema atakupasua," mkalimani alisema, huku anaruka ruka. "Anasema leo! Kuna nafasi sasa hivi, mgonjwa mwingine ameahirishwa!"

Dada alipiga vigelegele vilivyotikisa chupa za dawa. Kitanda cha magurudumu kikaletwa. Fundi akalazwa. Mambo yakawa mbio mbio, kofia ya plastiki kichwani, shuka juu, twende, twende! Mlangoni daktari akasimama, akauliza swali moja dogo, kama mtu anayeuliza saa.

"Anauliza: hujala kitu tangu jana?"

Fundi alimtazama Dada.

"Hajala!" Dada alidakia. "Hajala hata punje!"

Akamfinya mdogo wake mkono chini ya shuka. Ufinyaji ule fundi aliujua tangu utotoni, maana yake ni moja: ukifungua mdomo utanikoma.

Mawazo yakamwenda mbio. Akisema amekula, nafasi hii inapotea, na daktari kesho yuko angani. Akinyamaza, nani atajua? Mayai hayasemi. Angeweza kurudi kwao na goti jipya na siri ndogo, siri ya mkate tu. Lakini alikumbuka walivyoambiwa siku ya kwanza: tumbo likiwa na kitu, dawa ya usingizi inaweza kukipandisha kikamkaba, akafa mezani. Na aliona jambo lingine, la ajabu zaidi. Ilikuwa rahisi sana kusema "sijala". Ilikuwa rahisi kama kusema nzuri tu.

"Nimekula," alisema.

"Msaliti!" Dada aliachia mkono.

"Nimekula mayai. Na mkate. Mayai yalikuwa na chumvi."

"Chumvi hukuulizwa!"

Daktari alisikiliza tafsiri, akafumba macho kama mtu anayeomba subira kutoka juu. Kisha akatazama saa ya ukutani, akazungumza na muuguzi, wakabishana kidogo.

"Anasema sasa haiwezekani," mkalimani alisema. "Utakuwa wa mwisho leo, jioni, tumbo likishatulia. Na kwa kuwa ulikula, hatakulaza usingizi wa dawa. Atakuchoma sindano ya mgongoni, miguu ife ganzi, wewe ubaki macho. Na mimi nitaingia na wewe, ili nikusemee."

"Nibaki macho? Wakati ananikata?"

"Hutasikia maumivu, baba."

"Macho je?"

"Wataweka pazia."

Mchana ule ulikuwa mrefu kuliko safari ya ndege. Dada alikaa kitini, mfuko wa chakula ameupeleka kwa wauguzi kwa hiari yake, kama mtu anayesalimisha silaha. Kila aliyepita na sahani ukumbini, Dada alimkazia jicho.

"Wewe," alimwambia mdogo wake baadaye, bila kumtazama. "Ulivyosema umekula."

"Nisamehe, dada."

"Nyamaza. Nilikuwa nataka kusema umefanya vizuri. Ila umenitia aibu kubwa."

Wakasali pamoja. Sala yao ilikuwa fupi. Fundi aliomba mikono ya daktari isitetemeke, akaomba na yake mwenyewe isitetemeke mbele za watu, kisha akalifuta ombi hilo la pili.

Jioni wakaja kumchukua.

Chumba cha upasuaji kilikuwa baridi kama jokofu. Taa moja kubwa, duara, ilining'inia juu. Sindano ya mgongoni ikaingia. Miguu ikapata joto, ikawa mizito, kisha ikaondoka. Ilikuwepo, aliiona ikiinuliwa na wauguzi, lakini ilikuwa kama miguu ya mteja. Pazia la kijani likatundikwa kifuani. Mkalimani alisimama kichwani kwake, kofia, barakoa, macho tu ndiyo yanaonekana, na macho yenyewe yalikuwa hayajakauka tangu ile simu.

"Niko hapa, baba."

"Umekula?" fundi alimuuliza.

"Sijala tangu asubuhi. Sikuweza."

"Sasa hapo mmekosea mgonjwa."

Binti alicheka puani. Kazi ikaanza.

Fundi alitarajia kusikia mkasi, kitu anachokijua. Badala yake alisikia karakana ya seremala. Msumeno! Kitu kikazunguka kwa kelele. Kisha nyundo, tena nyundo ya mtu asiye na mzaha, ko, ko, ko, na kila ikipiga, meno yake yeye huku juu yanagongana. Haumwi. Anajengwa tu.

"Wamefika wapi?" alinong'ona.

"Sijui, baba. Ngoja nichungulie."

"Usichungulie!"

Alishachungulia. Macho yale juu ya barakoa yalifunguka makubwa, yakageuka meupe, yakapotea. Fundi akasikia kishindo cha mwili sakafuni, sinia likidondoka, muuguzi akipiga yowe. Viatu vikakimbia. Mlango ukafunguka, mtu akaburutwa, mlango ukafungwa.

Mkalimani hayupo.

Nyundo ikanyamaza.

Juu ya pazia ukatokea uso wa daktari. Paji la uso lilikuwa limelowa. Alimtazama fundi, akamuuliza kitu.

Fundi hakuelewa.

Daktari akauliza tena, taratibu, neno kwa neno, sauti imebana. Wauguzi wote waligeuka. Mikono yote ilisimama hewani, na glovu zao hazikuwa nyeupe tena. Chumba kizima kilikuwa kinangoja jibu la mshona nguo.

Katika lugha ya nchi ile, fundi alijua maneno mawili tu: ndiyo, na asante. Kwa maneno hayo mawili amekula, amelala na amekubali kila alichoulizwa tangu ashuke kwenye ndege. Ndiyo ilimpanda hadi mdomoni yenyewe, tayari, na tabasamu lake juu.

Akaizuia. Leo sivyo, aliwaza, leo siwezi kusema ndiyo kwa kitu nisichokijua. Akakusanya ujasiri wa mtu aliyejifunza kulalamika asubuhi ya leo, na kwa mara ya kwanza ugenini akatikisa kichwa, kulia, kushoto, kulia. Hapana.

Daktari akawageukia wauguzi.

Kisha akaweka nyundo chini. Akavua glovu ya kulia. Akavua ya kushoto. Akasema neno moja, na muuguzi akanyoosha mkono, akazima ile taa kubwa. Viatu vikaelekea mlangoni, mmoja baada ya mwingine.

Fundi alibaki gizani nyuma ya pazia, mdomo wazi, akijaribu kusogeza mguu asiousikia, na hajui kama goti lake liko mwilini au liko kwenye sinia. Tutajua wiki ijayo, msomaji.